Wino na rangi za maji, au tableti? Ulinganisho kwa wanaochora madubwana

Anayechora madubwana ya kubuni, yale yenye pembe zilizopinda, tumbo la mviringo na macho matatu yenye huruma, hufika mahali akajiuliza achoree wapi. Atumie karatasi, kalamu ya wino na rangi za maji, au tableti ya kuchorea kidijitali na kalamu yake? Wanaoanza huuliza sana, na majibu mengi wanayopewa hulinganisha vifaa kana kwamba watu wote wanachora kitu kimoja. Picha ya jengo haidai mambo yale yale yanayodaiwa na picha ya zimwi lenye manyoya ya ukungu. Mimi nalinganisha kwa ajili ya madubwana tu: viumbe wasiokuwepo, ambao mchoraji ana kazi ya kumfanya mtazamaji aamini kwamba wapo, na tena awapende.

Nautanguliza msimamo wangu ili usome ukijua ninakoegemea. Jambo kubwa la kuamua ni hili: dubwana lako hupata sura saa ngapi? Kuna wachoraji ambao kiumbe huwajia mkono ukiwa tayari unatembea, kutokana na doa au mstari uliokwenda upande. Hao karatasi ndiyo yao. Wengine humpata kiumbe kwa kupanga na kupangua, kuongeza mkia, kuutoa, kuurudisha ukiwa mrefu zaidi. Hao tableti itawapa raha. Ubora wa rangi, kasi, uchapishaji na mengineyo ni muhimu, ila hufuata nyuma ya hilo.

Mashauri mawili ya mtu mmoja

Leonardo da Vinci aliwaachia wachoraji mashauri mawili, na kwangu yanaeleza tofauti ya vifaa hivi kuliko maelezo yoyote ya kiwandani, ingawa aliyaandika karne nyingi kabla ya skrini ya kwanza.

La kwanza linahusu joka. Ukitaka mnyama wa kubuni aonekane wa kweli, alisema, mpe kichwa cha mbwa mkubwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu, pua ya mbwa wa mbio, paji la simba, panja za jogoo mzee na shingo ya kobe wa majini. Maana yake ni kwamba hakuna kiungo cha kubuni. Kila kiungo kipo duniani, kilichobuniwa ni muungano wake. Giorgio Vasari, ambaye kitabu chake cha maisha ya wasanii wa Italia kilitoka mwaka 1550, anasimulia kwamba Leonardo akiwa kijana alijaza chumba chake mijusi, nyenje, nyoka, vipepeo, panzi na popo ili apate zimwi moja la kuchora juu ya ngao.

Shauri la pili ni la kutazama kuta zenye madoa. Alisema ukizikazia macho utaona humo milima, mito, vita na nyuso za ajabu, kisha akili yako itamalizia yaliyobaki.

Shauri la joka linafanya kazi vizuri mno kwenye tableti. Programu ya kuchorea hukuruhusu kuweka kila kiungo kwenye leya yake, yaani tabaka linaloonekana juu ya mengine bila kugusana nayo. Pembe ziko huku, taya huku, mkia kule. Ukitaka kujua dubwana litakuwaje likiwa na pembe za swala badala ya za kifaru, unaificha leya moja na kuiwasha nyingine. Unaweza kukuza kichwa hadi kiwe nusu ya mwili, na mara nyingi hapo ndipo kiumbe cha kutisha kinapogeuka kuwa kitoto cha kupendeza, kwa sababu kichwa kikubwa, macho yaliyokaa chini usoni na miguu mifupi ndizo alama tunazozitambua kwa watoto wachanga. Unaweza pia kulijaza umbo zima weusi mtupu, ukalipunguza liwe dogo kama ukucha, ukaona kama bado linatambulika. Dubwana lisilotambulika kwa umbo lake jeusi halitaokolewa na rangi wala magamba. Karatasini jaribio hili linawezekana, lakini unachora upya kila safari, na wengi huchoka kabla ya kufika kwenye umbo lililo bora.

Shauri la ukuta nalo ni la karatasi. Unalowesha karatasi, unadondosha wino au rangi, unaiinamisha, unaiacha ikauke. Kisha unalizungusha doa mpaka uone jicho. Ukishaliona jicho, mdomo unajileta. Unachukua nibu, yaani ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya, na kumfuata kiumbe aliyekuwa humo tayari. Viumbe wa namna hii huwa na mkao ambao akili peke yake isingeupanga: bega moja limeshuka, shingo imeingia kifuani, mguu mmoja umefifia kabisa. Kwenye tableti doa halijitengenezi. Brashi za kuigiza maji zipo, nyingine nzuri sana, lakini ni wewe unayeamua zifanye nini, na kama hukupendezwa unatendua, yaani unafuta hatua ya mwisho, papo hapo. Kule kutendua haraka ndiko kunakoua jambo hili. Doa la karatasini unalazimika kukaa nalo, na ukikaa nalo linaanza kukuonyesha vitu.

Ndiyo maana simpi jibu moja kila anayeuliza. Namuuliza kwanza: viumbe wako wanakujaje?

Mstari

Nibu ya chuma ya kuchovya hufunguka ukiikandamiza na kujifunga ukiilegeza, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuanza ukiwa unywele, ukanenepa mgongoni, ukaishia tena kwenye ncha. Mtetemo mdogo wa mkono unaingia humo pia. Kwa mchoraji wa ramani huo ni uchafu, ila kwa mchoraji wa madubwana ni uhai: manyoya yaliyochakaa, mizizi, ngozi iliyokunjamana, kucha zilizopasuka. Arthur Rackham wa Uingereza, aliyeishi kati ya mwaka 1867 na 1939, alijenga kazi yake yote juu ya mstari wa namna hiyo, akaufunika kwa tabaka nyembamba za rangi za maji zenye ukahawia. Miti yake ina vidole na nyuso kwa sababu mstari unaochora gamba la mti ndio huo huo unaochora kikunyanzi cha bibi kizee.

Tableti hupima mkandamizo kwa viwango. Nyingi za sasa hutangaza viwango 8,192, za zamani kidogo 2,048. Usisumbuke na tarakimu hizo. Kinachobadilisha mstari wako ni mpangilio wa mkandamizo ndani ya programu, yaani ukandamize kiasi gani ndipo mstari unenepe. Tenga muda wa kuupanga ufuate mkono wako, kwa sababu wengi huanza na mpangilio waliokuta na kulaumu kifaa. Upo pia mpangilio wa kulainisha mstari, unaoondoa mitetemo. Ni mzuri kwa herufi na mikunjo mirefu ya mabawa. Kwa ngozi na manyoya upunguze au uuzime kabisa, la sivyo kila dubwana litaonekana limetengenezwa kwa plastiki.

Kioo cha skrini huteleza. Utando wa kukwaruza unaobandikwa juu yake hurudisha hisia ya karatasi, ingawa hula ncha za kalamu haraka. Tableti zisizo na skrini, ambazo mkono uko mezani na macho yako kwenye kompyuta, zinahitaji kuzoewa, lakini shingo hukaa wima na wapo wachoraji wazuri sana wasiotaka kitu kingine.

Kuna mtego mmoja wa tableti ambao sioni ukitajwa vya kutosha. Unaweza kukuza picha mpaka jicho moja la dubwana lijaze skrini nzima, ukachora mishipa, kope na mng'ao, ukatoka hapo ukiwa na jicho lenye maelezo elfu juu ya mwili uliochorwa kwa haraka. Ukitazama picha kamili, jicho linaonekana limebandikwa. Karatasi inakulinda na hilo bila wewe kufanya lolote: nibu ina upana wake, na upana huo ni mmoja kichwani na mkiani, kwa hiyo picha inashikamana. Ukichagua tableti, fungua dirisha la pili linaloonyesha picha nzima wakati wote, na jizuie kuingia ndani sana kabla mwili wote haujafikia hatua moja.

Kuhusu wino wenyewe, ikiwa utapaka maji juu yake lazima uwe wa aina isiyoyeyuka ukishakauka. Wino mwingi wa kalamu za kuandikia hutiririka ukiguswa na maji na kuchafua uso wa kiumbe wako. Wino mweusi wa kaboni uliochanganywa na shelaki (utomvu unaokauka ukawa mgumu) hukaa imara, lakini usiutie kamwe kwenye kalamu yenye tangi la wino, maana hukauka humo na kuiziba. Huo ni wa nibu ya kuchovya na brashi.

Mstari peke yake, hata bila rangi, unaweza kumfanya mtu aamini jambo lisilokuwepo. Mwaka 1515 Albrecht Dürer wa Ujerumani alichora kifaru ambaye hakuwahi kumwona. Alikuwa na maelezo ya barua na mchoro mdogo wa mtu mwingine tu. Akampa ngozi ya vipande kama mavazi ya vita, miguu yenye magamba na kipembe cha ziada mabegani, akamchapisha kwa ubao uliochongwa. Watu wa Ulaya waliendelea kuamini kwamba kifaru ndivyo alivyo kwa karne kadhaa. Tazama jinsi kila kipande cha ngozi kilivyopewa ukingo wake, vidoa vyake na kivuli chake: mchoraji hakusitasita popote. Uhakika huo ndio unaomfanya dubwana aaminike, na unaweza kuupata kwa kifaa chochote kati ya hivi viwili.

Ngozi, manyoya na mwanga

Rangi za maji ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya mti wa mgunga. Baadhi ya unga huo ni mzito na hujikusanya kwenye vijibonde vya karatasi, ukaacha chembechembe. Bluu ya ultramarini ndivyo ilivyo. Ukiichanganya na ile kahawia iitwayo siena ya kuchomwa unapata kijivu ambacho kikikauka hujitenga kidogo, bluu huku na kahawia kule, na hapo hapo una ngozi ya chura mkubwa, jiwe lenye ukungu au kiboko mwenye mabawa. Hakuna haja ya kuchora kila kinyweleo. Nyunyiza punje za chumvi juu ya rangi ambayo bado ina majimaji, nazo zitafyonza na kuacha nyota nyeupe zinazofanana na ugonjwa wa ngozi wa kupendeza. Buruta brashi kavu juu ya karatasi yenye mikwaruzo, upate magamba ya mti au mgongo wa mamba. Haya yote hutokea kwa dakika chache, na kila mara tofauti. Kwa upande huu karatasi inashinda, na nasema hivyo nikiwa na tableti mezani.

Ushindi huo una masharti. Karatasi nyepesi itajikunja na kufanya madimbwi. Chukua yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, au chini ya hapo uilowanishe na kuitandaza kwenye ubao kwa utepe kabla ya kuanza. Karatasi ya pamba huvumilia kufutwa na kupakwa mara nyingi, ile ya mbao huchoka mapema. Na kwa kuwa gundi ile huyeyuka tena ikiloweshwa, tabaka la juu likipakwa kwa kusugua huamsha la chini na vyote vinakuwa tope. Subiri ikauke kabisa, kisha pitisha brashi mara moja tu. Asiye na subira hii atateseka.

Tableti nayo ina brashi za magamba, manyoya, moshi na gome. Zinaokoa muda mwingi. Tatizo lake ni marudio: jicho la mtazamaji, hata asiyejua kuchora, hutambua gamba lile lile limepigwa mara arobaini. Dawa ni kutengeneza brashi zako. Paka madoa yako karatasini, yapige skana, yageuze kuwa brashi, na kuanzia hapo madubwana yako hayatafanana na ya mtu aliyepakua mkusanyo ule ule. Faida nyingine ya tableti ni kufunga leya, yaani kuizuia rangi isivuke ukingo wa umbo. Unaweza kumpaka zimwi mabaka kwa fujo zote unazotaka bila kugusa mandhari. Na ukigundua mwishoni kwamba angependeza zaidi akiwa wa zambarau, unambadilisha kwa mguso mmoja.

Kuhusu mwanga, tableti iko mbele. Macho yanayowaka gizani, tumbo la kimulimuli, moto unaotoka puani, uyoga unaong'aa pembeni mwa njia: unaongeza leya inayozidisha mwanga, unapaka kwa brashi laini, kiumbe kinawaka. Karatasini weupe ni karatasi yenyewe. Lazima uupange tangu mwanzo, ukiziba sehemu hiyo kwa utomvu wa mpira ambao baadaye hubanduliwa, au urudishe nukta nyeupe kwa rangi nzito mwishoni. Unaweza kupata mng'ao mzuri kwa kukitia giza kila kilicho jirani na taa, na John Bauer wa Uswidi (1882 hadi 1918), aliyechora majitu ya msituni kwa rangi za maji, alilijua hilo barabara: msitu wake ni wa kahawia na kijivu, kisha kati yake anakaa mtoto mmoja mwenye nywele za dhahabu, naye anaonekana kama taa. Ila ni kazi, na haina marekebisho.

Tahadhari moja kwa wapenda mwanga wa tableti. Skrini hutoa mwanga kwa nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa rangi nne usiotoa mwanga wowote. Kijani kikali cha sumu na bluu ya umeme, rangi ambazo wachoraji wa madubwana tunazipenda kupita kiasi, hufifia zikichapwa. Kama picha itaishia kitabuni, washa mapema hali ya kuonyesha rangi za uchapishaji ndani ya programu, usingoje dubwana lako linalowaka lirudi kutoka kwa mchapaji likiwa la kijivu.

Kubadili mawazo, na kubadilishiwa na mteja

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa jibu liko wazi. Leya ziliingia kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, mwaka 1994, na tangu hapo anayechora kwa kompyuta anaweza kusogeza, kufuta na kurudisha bila hasara. Ukichora kwa ajili ya wateja, hasa vitabu vya watoto na michezo ya kompyuta, utaombwa mabadiliko. Mkia uwe mfupi. Meno yapunguzwe, watoto wataogopa. Dubwana liangalie kulia kwa sababu maandishi yako kushoto. Kwenye tableti ni kazi ya dakika. Kwenye rangi za maji baadhi ya rangi unaweza kuziinua kwa brashi yenye maji na kitambaa, lakini nyingine, bluu ya fthalo kwa mfano, huzama kwenye nyuzi za karatasi na hazitoki. Utaanza upya.

Hata hivyo, kama unachora karatasini kwa ajili ya mteja, kinga ipo: mwonyeshe rasimu ya penseli akubali kwanza, kisha rasimu ndogo ya rangi, ndipo uguse karatasi nzuri. Wachoraji wa vitabu walifanya hivyo miaka mingi na vitabu vikatoka.

Ukianza kazi ya kuchapwa kwenye tableti, weka ukubwa sahihi tangu mwanzo. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Picha iliyochorwa ndogo haikuzwi baadaye bila kuota ukungu kwenye kingo.

Kuwaonyesha wengine jinsi dubwana linavyozaliwa

Watu hupenda kuona hatua za kazi, pengine kuliko picha yenyewe. Programu kama Procreate na Krita hurekodi uchoraji na kukupa video iliyoharakishwa. Huhitaji kamera wala taa. Leya nazo hukuwezesha kutoa picha ya kila hatua: rasimu, mstari, rangi bapa, kivuli.

Karatasini lazima uweke kamera juu ya meza, mwanga usioyumba, na ukumbuke kusimama kupiga picha kabla ya kila tabaka. Ni usumbufu wa kweli, unakata mtiririko. Lakini matokeo yake yana mvuto ambao rekodi ya skrini haina. Mtazamaji huona maji yakisambaa, wino ukimulika kabla ya kukauka, mkono wenye madoa. Huona doa likigeuka jicho. Kama unakusudia kufundisha, tableti hufundisha mpangilio vizuri zaidi, na karatasi hufundisha ujasiri. Kitu kimoja zaidi: daftari la rasimu lina mvuto wake wa kipekee, kurasa za vichwa kumi na viwili vya zimwi moja, na halihitaji kurekodiwa. Lipige picha tu kama lilivyo, na mikunjo yake.

Picha ikishakamilika

Karatasi inakupa kitu kimoja kinachoshikika, ambacho mtu anaweza kukining'iniza. Tableti inakupa faili, na unaloweza kuuza kama kitu ni chapa zake. Anayetaka kuuza michoro halisi ajue hilo mapema.

Vyote viwili hufa visipotunzwa. Baadhi ya rangi hufifia kwa mwanga, na nyekundu ya kale ya alizarini ni mfano maarufu. Soma kijitube: watengenezaji wazuri huandika uimara wa rangi dhidi ya mwanga, na kwa kipimo cha Marekani kinachotumiwa sana daraja la I ndilo imara kuliko yote. Wino wa rangi zinazong'aa sana, hasa wa waridi na zambarau, mara nyingi ni dhaifu. Utumie kwa kazi itakayopigwa skana tu. Upande wa faili, weka nakala mahali pawili tofauti, na uhifadhi lile lenye leya zote, si JPEG pekee (faili la picha lililobanwa), kwa kuwa JPEG hupunguza ubora kila inapohifadhiwa upya na leya hupotea moja kwa moja.

Njia ya kati, ambayo ndiyo ninayoipenda

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hakuna sababu ya kuacha kifaa unachokijua ili ukipate kipya. Doa na mstari vifanyike karatasini, rangi na mwanga vifanyike kwenye tableti. Unachora kwa nibu, unapiga skana kwa nukta 600 kwa inchi, unaiweka leya ya mstari juu kwa hali ya kuzidisha weusi, ambayo huufanya weupe wa karatasi upotee na wino ubaki. Chini yake unapaka rangi. Ukiwa na kurasa za madoa ya rangi za maji, zipige skana pia na uzitandaze ndani ya mwili wa dubwana kama ngozi. Mtazamaji anapata chembechembe za kweli na macho yanayowaka, katika picha moja.

Njia hii ina gharama yake: hatua ni nyingi, na picha halisi iliyobaki mezani ni mstari mweusi tu bila rangi. Wapo wanaoona huo ni upungufu. Mimi naona ni sawa, kwa kuwa mstari ndio wenye uso wa kiumbe.

Kinyume chake pia kinafaa na hutajwa kidogo. Panga umbo kwenye tableti, badilisha pembe mpaka utosheke, kisha chapa rasimu, iweke chini ya karatasi nzuri juu ya meza ya mwanga, na uchore kwa wino ukiwa umeshatatua matatizo yote ya mkao. Anayeogopa kuharibu karatasi ghali aanze hivi.

Kwa hiyo uchukue kipi

Kama unachora kwa raha, una meza ndogo na viumbe wako ni wa misitu, mawe, ukungu na uzee, chukua karatasi. Nibu moja, wino mweusi usioyeyuka, rangi sita au saba, brashi moja ya mviringo yenye ncha nzuri, karatasi nzito. Usinunue seti ya rangi ishirini na nne. Utachanganya chache na kupata zilizobaki.

Kama unalenga kazi za wateja, au unachora viumbe wa mwanga, anga na moto, au unataka kubuni kundi zima la madubwana wanaofanana ukoo, chukua tableti. Isiyo na skrini inatosha kabisa kuanzia, na Krita haina malipo, kwa hiyo huhitaji kujifunga na usajili kabla hujajua kama unaipenda kazi yenyewe.

Kama bado husemi huku wala kule, fanya jaribio lisilohitaji kununua chochote zaidi ya ulichonacho. Jipe kiumbe kimoja kwa sentensi moja, kwa mfano mlinzi wa kisima anayeogopa maji. Siku moja mtafute ndani ya doa la wino kwenye karatasi yoyote. Siku nyingine mtafute kwa maumbo meusi: chora kwa penseli maumbo kumi madogo ya haraka, ukibadilisha kiungo kimoja kila mara, kisha uchague. Usitazame picha ipi imetoka nzuri zaidi, maana hiyo itabadilika kadiri unavyojifunza. Tazama ni lini ulianza kujua mambo kumhusu mlinzi huyo ambayo hukuwa umeyaandika kwenye sentensi: kwamba ana kofia, kwamba kisima ni cha babu yake, kwamba huinua miguu anapoona tone. Ikiwa hayo yalikujia kwenye doa, nenda kwenye karatasi. Ikiwa yalikujia kwenye umbo la saba baada ya kuyakataa sita, nunua tableti.